Kompyuta inadai nenosiri kila nikisasisha programu, na nikiliandika inalikataa

Mpakani_Printi
Wakuu, habari za huko. Niko Busia, upande wetu wa Uganda, nina kiduka cha kuchapa, kuprinti na kuskani. Nimenunua MacBook Air ya 2017, mtumba, kutoka Kampala. Imewekwa macOS Monterey. Mashine yenyewe haina neno: betri inakaa, kibodi haikwami, skrini safi. Kero ni moja. Nikifungua App Store nisasishe programu, kinaibuka kidirisha kinataka nenosiri. Naandika lile ninalofungulia kompyuta, kinaniambia si sahihi. Naandika la akaunti yangu ya Apple, hivyo hivyo. Nikikifunga kinarudi baadaye, tena mteja akiwa amesimama kaunta anasubiri fomu yake ya pasipoti. Zinazosumbua ni Pages (ya kuandikia), iMovie (ya video) na GarageBand (ya muziki). Zile nilizopakua mwenyewe zinasasishwa kimya kimya. Aliyeniuzia nikimpigia ananijibu "weka tu nenosiri lako". Msaada jamani, bando linaishia kwenye kubahatisha.

KijanaWaNateete
Dada, futa kila kitu uanze upya, ndiyo dawa. Na wenye Windows, zimeni yale maonyo ya kuuliza "unaruhusu programu hii?" muishi kwa amani.

FundiArua
Kijana, punguza mwendo. Utafutaje kila kitu kabla hujajua kidirisha kinamtafuta nani?

Dada Mpakani, kidirisha kikiibuka tena usiandike kitu. Kisome. Kuna imeili imeandikwa pale? Ni yako? Na ni programu ipi inayouliza?

Nakuuliza hivi kwa sababu kompyuta moja inakuwa na manenosiri matatu yasiyojuana. Kuna la mtumiaji wa mashine, hilo unalofungulia asubuhi. Kuna la akaunti ya duka la programu, ambalo liko kwenye intaneti, halina habari na mashine yako. Halafu kuna la hifadhi ya manenosiri, ambayo kwenye Mac inaitwa Keychain. Vidirisha vyake vinafanana sura kama mapacha, na wengi wanaoniletea kompyuta hapa dukani wamekuwa wakijibu swali la huyu kwa nenosiri la yule.

Mpakani_Printi
Nimesoma. Imeili ipo, lakini si yangu. Ni ya mtu nisiyemjua, inaishia na .co.uk.

FundiArua
Basi tumemaliza nusu ya kazi.

Programu ikipakuliwa App Store inabeba risiti ndani yake. Ukitaka kuiona kwa macho, nenda folda ya Applications, bofya iMovie kwa kitufe cha kulia, chagua Show Package Contents, fungua Contents, utakuta folda inaitwa _MASReceipt. Risiti hiyo imefungwa kwa akaunti iliyoipakua programu. Haijali mashine iko mezani kwa nani leo. Duka likitaka kusasisha linamwita mwenye risiti, na mwenyewe ni huyo wa Uingereza. Aliitoa kompyuta bila kuifuta, na wote walioipokea njiani mpaka kwako hawakujishughulisha. Nenosiri lako ni sahihi, ila hapo haliulizwi.

Cha kufanya: tupa programu hizo kwenye kapu la taka, limwage kapu, halafu ingia App Store kwa akaunti yako na uzipakue upya. Risiti mpya itatoka kwa jina lako na kidirisha hakitarudi. Hulipi chochote, Apple ilizifanya Pages, Numbers, Keynote, iMovie na GarageBand kuwa za bure kwa wote mwezi Aprili 2017. Utakacholipa ni bando, na iMovie pekee inazidi GB 2, kwa hiyo subiri bando la usiku.

LAKINI, usitupe Pages wala nyingine unayoihitaji kabla hujafanya hili. Fungua ukurasa wake ndani ya App Store, shuka chini usome mstari unaotaja macOS inayohitajika. MacBook Air ya 2017 inaishia Monterey, haipandi zaidi. Matoleo mapya ya Pages yanataka macOS ya juu zaidi. Duka huwa linakubali kukupa toleo la zamani linaloiweza mashine yako, ila kwa akaunti ambayo iliwahi kuipakua programu hiyo huko nyuma. Akaunti yako ni mpya, haina historia. Ukiitupa unaweza kubaki bila Pages kabisa.

Mpakani_Printi
Asante sana fundi. Na nikimbana aliyeniuzia amtafute huyo wa Uingereza atupe nenosiri lake? Ningebaki na kila kitu kama kilivyo.

FundiArua
Hapana dada, hata akilitoa. Akaunti za Apple siku hizi zinatuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwenyewe. Utakuwa unamwamsha usiku kila GarageBand ikitoka mpya. Halafu ukiingia na akaunti ya mtu kwenye kompyuta ya biashara, picha zake na anwani zake zinaweza kuanza kushuka kwenye mashine yako, na skani za vitambulisho vya wateja wako kupanda kwake. Sitaki hata kuifikiria.

Mwalimu_Mbale
Naongeza kwa wote wanaonunua Mac za mtumba: ukiletewa mashine ina programu za mtu, jua kwamba haikufutwa. Kufuta kabisa ndiyo njia safi, na hapo simkatalii kijana wa Nateete. Ila mashine hiyo ya 2017 haina ile chipu ya usalama ya Apple iitwayo T2, kwa hiyo haina kile kitufe rahisi cha kufuta yote kutoka kwenye mipangilio. Unaizima, unaiwasha huku umeshikilia Command na R, unafuta diski, kisha inapakua macOS upya kutoka kwenye mtandao. Monterey ni kama GB 12. Kwa intaneti ya simu, na umeme wetu huu, anza ukiwa na chaji kamili na mafaili yako uwe umeshayanakili kwenye flashi.

Mac zenye T2 au chipu za Apple zenyewe zina jambo jingine. Kabla ya kutoa pesa, hakikisha mmiliki wa awali ameshaitoa kwenye akaunti yake. Zikifungwa na Activation Lock, kufuli la Apple linalofunguka kwa akaunti ya mmiliki wa awali, utakuwa umenunua sahani ya bati.

Mpakani_Printi
Mrejesho. GarageBand nimeitupa moja kwa moja, mimi si mwanamuziki. iMovie nimeipakua usiku kwa akaunti yangu, imekaa, haijauliza kitu. Pages nimesoma ule mstari, kweli inataka macOS mpya kuliko yangu, kwa hiyo nimeiacha ya zamani na nimezima usasishaji wa kujiendesha ndani ya App Store. Barua za wateja nazichapa kwa LibreOffice, inafungua na mafaili ya Word wanayoniletea.

Sasa kimeibuka kidirisha kingine, hiki hakina imeili. Kinasema programu fulani inataka kutumia keychain ya "login". Naweka nenosiri la mashine, kinakataa.

FundiArua
Hilo ndilo nenosiri la tatu. Nikuulize: akaunti unayotumia kwenye mashine uliitengeneza mwenyewe, au ulikabidhiwa ikiwa tayari?

Mpakani_Printi
Nilikabidhiwa. Alibadilisha nenosiri mbele yangu, akaniambia niandike ninalotaka.

FundiArua
Alilibadilisha akiwa nje ya akaunti hiyo, kutoka kwenye akaunti yake ya usimamizi. Ukibadilisha ukiwa ndani ya akaunti yako, huku unalijua la zamani, Keychain inafuata. Ukibadilishiwa kutoka nje, mlango wa nyumba unapata kufuli jipya na Keychain inabaki na lile la kale. Inakuuliza neno ambalo hukuwahi kuambiwa.

Kama aliyekuuzia anakumbuka lile la zamani, fungua Keychain Access, nenda menyu ya Edit, chagua Change Password for Keychain "login", uandike la zamani kisha la sasa. Kama halikumbuki, fungua Keychain Access, nenda mipangilio yake, kuna kitufe cha Reset Default Keychains. Itatengenezwa mpya kwa nenosiri lako la sasa. Manenosiri ya tovuti yaliyohifadhiwa kwenye ile ya zamani hutayaona tena, ila kwa mashine ya mtumba hiyo nadhani ni faida, maana si yako.

KijanaWaNateete
Sawa wakubwa, nimenyooshwa. Na mimi nina swali. Ofisini kuna Mac ya bosi. Anasema alikuwa anasoma habari, ukaja ukurasa mzima unasema Chrome imepitwa na wakati, bofya usasishe. Akapakua, akaifungua, ikamwomba nenosiri la mashine. Mara ya kwanza alikosea herufi, ikamuuliza tena. Alipolipatia ikanyamaza, na Chrome yenyewe haikubadilika chochote. Ni kawaida hiyo?

FundiArua
Si kawaida, na naomba usimwambie "usijali".

Chrome haisasishwi kupitia ukurasa wa wavuti, kamwe. Inajisasisha yenyewe kwa ndani. Ukitaka kuhakikisha unaingia About Google Chrome, pale unaona toleo na kitufe cha kuiwasha upya. Ukurasa unaokuambia upakue kivinjari ulicho nacho tayari unataka kitu kingine.

Kuna programu ya wizi inayolenga Mac, inaitwa Atomic Stealer, ilianza kujulikana 2023. Tabia yake ni hiyo uliyoieleza. Inatoa kidirisha kilichochorwa kifanane na cha mfumo, inalijaribu nenosiri uliloandika, likiwa si sahihi inarudia kuuliza, likiwa sahihi inanyamaza. Ikilipata inakomba Keychain, manenosiri na vidakuzi vya kivinjari (cookies, zinazokumbuka kwamba umeshaingia kwenye tovuti), na pochi za sarafu za kidijitali kama zipo. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa ikisambazwa kwa kurasa hizo hizo za uongo za kusasisha kivinjari. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba ni hiyo bila kuiona mashine, ila ningefanya kana kwamba ni hiyo.

Kata intaneti kwenye hiyo Mac sasa hivi. Kwa simu au kompyuta NYINGINE, bosi abadilishe nenosiri la imeili kwanza, kisha la benki, kisha mengine, na kila mahali achague kuondoka kwenye vifaa vyote, kwa sababu vidakuzi vilivyoibwa vinamwezesha mwizi kuingia bila nenosiri. Aipigie benki yake. Baada ya hapo ndipo mashine ifutwe kabisa, na hapo dawa yako ndiyo yenyewe. Lile faili alilopakua lisifunguliwe tena na mtu yeyote "kuangalia ni nini".

KijanaWaNateete
Nimeshachomoa Wi-Fi. Namfuata bosi.

Afande_Mstaafu
Vijana, nawafuatilia kutoka Gulu. Yangu ni Windows 11, laptopu iliyotumika ofisini huko Uingereza. VLC ikitoka mpya, paswadi. Adobe Reader, paswadi. Firefox nayo, paswadi. Skrini inafifia yote, kidirisha kinabaki katikati, kimeandikwa jina la fundi aliyenitayarishia mashine, kinataka paswadi yake. Kompyuta ni yangu, risiti ninayo. Kwa nini niombe ruhusa ya mtu?

Mwalimu_Mbale
Afande, shikamoo. Hiyo ni User Account Control (UAC), ilikuja na Windows Vista mwaka 2007. Kazi yake ni kuzuia programu isiguse sehemu za mfumo bila msimamizi kukubali. Anayetumia akaunti ya msimamizi anaulizwa "ndiyo au hapana" tu. Mwenye akaunti ya kawaida anaambiwa alete paswadi ya msimamizi. Fundi alijiweka yeye msimamizi, wewe akakufanya mtumiaji wa kawaida.

Si programu zote zinauliza, kwa sababu haziishi mahali pamoja. Zilizowekwa ndani ya Program Files ziko kwenye eneo la mashine nzima, na kuziandikia humo kunahitaji msimamizi. Nyingine zinajiweka kwenye folda yako mwenyewe, iliyofichwa, inaitwa AppData. Hizo zinajisasisha bila kumwuliza mtu.

Firefox ndiyo inanishangaza. Tangu Firefox 12, mwaka 2012, inakuja na huduma yake ndogo inayoitwa Mozilla Maintenance Service, ambayo inasasisha kwa niaba yako bila kidirisha. Angalia kwenye orodha ya programu zilizowekwa. Nadhani imeondolewa na mtu aliyekuwa "anapunguza uzito". Pakua Firefox kutoka kwenye tovuti ya Mozilla, iweke juu ya ile iliyopo, itarudi. Alamisho zako hazitapotea.

KijanaWaNateete
Bosi ameshaanza na imeili. Afande, samahani naingilia, lakini kuna kile kiteleza cha UAC, ukikishusha chini kabisa hakiulizi tena.

Mwalimu_Mbale
Kweli hakiulizi. Kwa msimamizi, kila kitu kinapita bila kuuliza, na virusi pia. Kwa mwenye akaunti ya kawaida kama afande, kila kinachohitaji msimamizi kinakataliwa moja kwa moja. Hatapata kidirisha wala programu mpya. VLC itabaki ya zamani na hatajua kwa nini.

FundiArua
Hapo mwalimu amesema kweli tupu. Mimi nakipenda kidirisha hicho cha kufifiza skrini. Kinamtaja mchapishaji aliyethibitishwa. Ukisasisha VLC unategemea kuona VideoLAN, Firefox unategemea Mozilla Corporation. Ukiona mchapishaji hajulikani, na hukufungua kitu chochote, bofya hapana.

Afande, mpigie fundi akupe paswadi. Ni haki yako. Ukiipata, fungua Terminal kama msimamizi, itauliza paswadi mara moja, halafu andika `winget upgrade --all`. Programu nyingi zitasasishwa kwa mkupuo badala ya kuulizwa moja moja.

Afande_Mstaafu
Fundi ametoa paswadi kwa simu bila ubishi. Nimeiandika, inakataliwa. Ameirudia herufi kwa herufi, ina alama ya @ katikati. Herufi kubwa nimeangalia, hazijawaka. Yeye anasema kwake ilikubali, alitumia kibodi ya kuchomeka.

Mwalimu_Mbale
Laptopu ya Uingereza, na @ ndani yake. Afande, fungua Notepad, iandike paswadi pale uione, kisha ufute. Nini kinatokea kwenye @?

Afande_Mstaafu
Inatoka alama ya kufungulia maneno. Kitufe chenyewe kimechorwa @.

Mwalimu_Mbale
Ndiyo hiyo. Kibodi ni ya Uingereza lakini Windows imeambiwa ni ya Marekani. Alama hizo mbili zimebadilishana viti: ya Uingereza ina @ pembeni karibu na Enter, ya Marekani inayo juu ya 2. Kidirisha cha paswadi kinaonyesha nukta tu, huwezi kugundua. Kwa sasa bonyeza Shift na 2, utapata @. Baadaye nenda mipangilio ya lugha uongeze kibodi ya Uingereza, ile ya Marekani uiondoe.

Kwenye Ubuntu (mfumo wa Linux) hapa shuleni ni mbaya zaidi, maana ukiandika nenosiri la sudo, amri ya kufanya kazi kama msimamizi, mara nyingi hata nukta hazionekani, wanafunzi wanadhani kibodi imekufa. Wakilipatia linakumbukwa dakika 15, ila kwa dirisha hilo la terminal tu. Wakifungua jingine wanaulizwa tena na wanakuja kulalamika kwangu.

Mpakani_Printi
Mwalimu, na saa ya kompyuta? Jirani yangu mashine yake ya mezani, umeme ukikatika inarudi mwaka wa nyuma kabisa, na kila akaunti inamkatalia.

Mwalimu_Mbale
Betri ndogo ya mviringo kwenye ubao, CR2032, imeisha. Tarehe ikiwa mbaya vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havifai, na kuingia kunashindikana hata nenosiri likiwa sahihi. Ni betri ya bei ndogo, abadilishe.

Afande_Mstaafu
Shift na 2 imepita. VLC mpya, Adobe mpya, Firefox nimeiweka upya. Sasa natengeneza akaunti yangu ya msimamizi, halafu ya fundi naifuta leo leo.

FundiArua
Afande, hapo kwenye kufuta subiri kidogo. Tengeneza ya kwako, toka, ingia nayo, ujaribu kusasisha kitu kimoja. Ukiona imekubali, angalia mipangilio ya BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski nzima. Kama diski imefungwa kwa BitLocker na fundi aliingia na akaunti yake ya Microsoft wakati wa kuitayarisha, ufunguo wa kuiokoa unaweza kuwa umehifadhiwa kwake. Hifadhi nakala ya ufunguo huo mwenyewe, uiprinti, uiweke mbali na laptopu. Kisha ifute ya kwake. Na kazi za kila siku endelea kuzifanyia kwenye ile akaunti ya kawaida uliyonayo sasa, ya msimamizi iwe ya kuitikia vidirisha tu.